Puto la Dagoretti Corner

Mililita tatu. Hicho ndicho kiasi cha maji ya iodidi ya potasiamu ninachokivuta kwa bomba la sindano na kukitia katika kikombe cha kwanza, taratibu, kama muuguzi anayempimia mtoto mchanga dawa. Kikombe cha pili hupata moja na nusu, ya maji yaliyokolea chumvi hiyo hiyo hadi haiyeyuki tena. Vikombe vyote viwili vinaenea kiganjani. Pembeni yake kuna pampu ndogo ya kupuliza hewa ndani ya kile cha kwanza.

Ozoni ikigusa maji hayo huzaa iodini, na iodini inaporudi ilivyokuwa, elektroni mbili hupita kwenye waya kwa kila molekuli moja ya ozoni. Umeme wake ni maikroampea chache tu, lakini ukiuhesabu umeihesabu ozoni. Walter Komhyr alibuni kifaa hiki miaka ya 1960, na kwangu mimi ni kazi nzuri kama saa ya fundi hodari.

Hapa Dagoretti Corner, Nairobi, vifaa hivi vimekuwa vikirushwa kwa puto, pamoja na kipimajoto, tangu miaka ya 1990, na vipimo vyake huingia katika mtandao wa SHADOZ, ulioanza 1998 kuunganisha vituo vya tropiki. Puto tunalishika kwa glavu, maana mafuta ya mkono hudhoofisha mpira. Likiachiwa, hupanda mita tano hivi kwa sekunde, nami huketi mbele ya skrini.

Joto linashuka: nyuzi 18 uwanjani, sifuri, hasi 40. Kilomita 17 hivi juu, hasi 80. Halafu namba inageuka! Hasi 76. Hasi 70. Hasi 62. Nimeliona mara nyingi na bado huacha chai yangu ipoe. Puto linazidi kupanda na hewa inazidi kupata joto, kwa sababu ozoni ya huko inanyonya miale ya urujuanimno na kuigeuza joto kabla haijafika kwenye ngozi zetu na macho yetu. Ozoni yote iliyo juu ya Nairobi, ukiishusha ikabanwa kwa kanieneo ya usawa wa bahari, haifikishi unene wa milimita tatu.

Watu huuliza kwa nini tusipime ozoni peke yake, bila joto. Kaboni dioksidi inayotupasha joto huku chini hufanya kinyume kule juu: hulitoa joto likaenda zake angani. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilikokotoa jambo hilo mwaka 1967, na vipimo vikaja kulithibitisha. Sasa, katika kilomita 40 hivi, baridi hiyo hupunguza kasi ya mimenyuko inayoila ozoni. Kwa hiyo ozoni ikiongezeka huko, lazima tujue ni kiasi gani kimeletwa na Mkataba wa Montreal wa 1987, uliozuia kemikali zinazoiharibu ozoni, na kiasi gani kimeletwa na baridi. Bila kipimajoto, hujui umshukuru nani.

Puto letu halifiki huko. Hupasuka kilomita thelathini na kitu, na kuanzia hapo satelaiti ndizo zinazopima. Lakini satelaiti nazo huchakaa, vioo vikafifia, na moja ikizimika nyingine huanza na makosa yake. Za zamani na mpya hulinganishwa na vikombe kama hivi, mradi wiki isirukwe bila puto kurushwa.

Vikombe vya safari ijayo nimeshavitia maji leo. Vinahitaji siku kadhaa kutulia.