"Amevuta" Si "Amelewa"

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la hali za vitenzi, huwauliza wanafunzi wangu swali ambalo huwachekesha kwanza na kuwatatiza baadaye. Tunaposema "mtoto amekula", kitendo kimekwisha na sahani imeondolewa. Lakini tunaposema "mtoto amelala", hatumaanishi kwamba alilala, akaamka, na sasa anacheza uani; twamaanisha kwamba yumo usingizini wakati huu huu tunaponena. Kiambishi ni kile kile, -me-, ila katika neno la kwanza chatueleza jambo lililopita, na katika la pili chatueleza hali iliyopo. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba tofauti hii haimhusu mtu yeyote aliye nje ya darasa la isimu.

Nilibadili mawazo niliposoma habari za hukumu iliyotolewa Aprili 23, 2024 na Mahakama ya Rufaa ya Kazi ya Afrika Kusini, katika kesi dhidi ya kampuni ya Barloworld. Aliyeshtaki alikuwa mwanamke aliyefanya kazi ya ofisini. Hakuendesha gari la kampuni wala hakugusa mtambo. Jioni, akiwa nyumbani kwake, alikuwa akivuta bangi ili apate usingizi na kutuliza wasiwasi. Mapema mwaka wa 2020 alipimwa mkojo kazini, bangi ikaonekana. Akaambiwa arudi nyumbani hadi mwili utakapotakata, akawa akirejea kupimwa, na kila mara kipimo kikatoa jibu lile lile. Hakuficha wala hakuapa kuacha. Alisema waziwazi kwamba ataendelea. Aprili mwaka huo akafutwa.

Msomaji akumbuke kwamba nchini humo jambo alilolifanya halikuwa kosa la jinai. Mnamo Septemba 18, 2018, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haifai kumwadhibu mtu mzima kwa kuvuta bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Kampuni haikudai kwamba mama huyo alivunja sheria ya nchi. Ilidai kwamba alivunja sera yake ya kutovumilia hata chembe ya dawa za kulevya mahali pa kazi.

Hebu sasa tuulize: mkojo ulisema nini hasa? Kilevi kilichomo katika bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili. Ini hukivunjavunja polepole, na mabaki yake, ambayo hayalevyi tena, hutoka kwa haja ndogo. Aliyevuta mara moja huweza kuonekana na mabaki hayo kwa siku kadhaa. Avutaye kila siku huweza kuonekana nayo hata baada ya mwezi mzima tangu aache. Kwa hiyo kipimo cha mkojo, kikisema kweli yake yote, husema "alivuta". Hakisemi lini. Kikipimwa tena na tena, chaweza hata kudokeza "huvuta". Neno moja ambalo hakiwezi kulitamka kamwe ni "amelewa", na hilo ndilo mwajiri analojiaminisha kwamba amelisikia.

Linganisha na pombe. Madereva wetu wanaokijua kifaa cha Alkoblo wanafahamu kwamba kifaa kile hupima pumzi ya wakati huo. Mtu aliyekunywa chupa nyingi Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi atapuliza na kwenda zake kwa amani. Mwenzake aliyevuta bangi usiku ule ule ataitwa ofisini, kana kwamba ameingia langoni akipepesuka. Sera ni moja kwa wote wawili, lakini vipimo viwili vimeifanya kuwa sera mbili.

Sisemi haya kwa kuidharau hofu ya waajiri. Mnamo Januari 4, 1987, huko Chase katika jimbo la Maryland, Marekani, treni ya abiria iligongana na injini za treni ya mizigo, watu 16 wakafa, na dereva wa injini hizo akakiri kwamba alivuta bangi akiwa kazini. Ajali hiyo ilichangia pakubwa kuwafanya Wamarekani wakazie vipimo katika reli, barabara na safari za ndege. Mimi mwenyewe singependa kupanda ndege ambayo rubani wake anadai kwamba usiku wake ni wake. Lakini dereva yule alivuta akiwa mbele ya usukani. Kumtumia yeye kama kigezo cha karani aliyevuta kitandani mwake ni kuchanganya nyakati, kosa ambalo ningelipigia mstari mwekundu katika insha ya kidato cha kwanza.

Mahakama ya Afrika Kusini iliona hivyo. Ilisema kwamba hapakuwa na ushahidi kwamba mfanyakazi huyo alikuwa amelewa kazini, kwamba sera ilitandaa kupita kiasi ikaingia katika maisha yake ya faragha, na kwamba alibaguliwa. Aliamuriwa alipwe fidia ya mishahara ya miezi 24. Huko California nako, sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2024 inawazuia waajiri wengi kumwadhibu mtu kwa sababu ya mabaki yasiyolevya, ingawa wajenzi hawamo katika kinga hiyo. Yaani wabunge waliiandika sarufi hii katika sheria bila ya kuiita sarufi.

Si wote walioponea. Katika jimbo la Colorado, mwanamume aliyepooza, aliyefanya kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni ya Dish Network, alifutwa mwaka wa 2010 baada ya kipimo kuonyesha bangi, ilhali alikuwa na kibali cha jimbo cha kuitumia kama dawa na hakuitumia kazini. Sheria ya jimbo ilimlinda mfanyakazi dhidi ya kufutwa kwa jambo lolote "halali" alifanyalo nje ya kazi. Mnamo Juni 2015, Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba neno hilo lamaanisha halali kwa sheria ya jimbo na ya taifa pia. Na kwa taifa, bangi ni haramu. Kesi nzima iliangukia neno moja. Sisi walimu wa lugha tunaoambiwa kwamba somo letu halina faida tungefaa kuibandika hukumu hiyo ukutani.

Nilipowasimulia wanafunzi haya, mmoja aliniuliza: "Mwalimu, na hapa kwetu?" Nilimjibu kwamba hapa bangi imekatazwa, nyumbani na kazini, na kwamba Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya haiulizi ulivuta saa ngapi. Nikamwambia pia kwamba kulinda sheria hiyo ni kazi ya polisi na mahakama, na kwamba mwajiri anayeshika kichupa cha mkojo ana swali lake mwenyewe la kujibu: je, mtu huyu, saa hii, anaweza kazi yake? Macho yake, mwendo wake, usemi wake na hesabu zake mezani ndivyo vinavyoweza kulijibu.

Kijana alitafakari kidogo, kisha akasema kwamba katika mtihani ataandika "kichupa kimesema alivuta". Nilimuuliza kwa nini "kimesema" na si "kilisema". Bado tunabishana.