Mashine za Upepo: Je, Zitafukuza Wageni?

Ndugu zetu wa vikundi, huku Osieko upepo wa ziwa tunaujua. Huleta mashua nyumbani, na siku nyingine huzipindua. Siku hizi upepo ni mali pia, kwa kuwa unatoa umeme. Wenzetu wanaotegemea wageni wa kuangalia ndege kwenye mafunjo ya kinamasi cha Yala huuliza: ile milingoti mirefu ikija, wageni si watakimbia? Basi tuwatazame waliotangulia.

Vilima vya Ngong vilipata mashine mbili za kwanza mwaka 1993, msaada wa Ubelgiji. Baadaye ziliongezwa nyingi. Watu wa Nairobi bado hupanda vilima hivyo, hulipa ada langoni na kupiga picha chini ya mapanga yanayozunguka. Kumbe mashine peke yake haimfukuzi mgeni.

Kinangop ilikuwa vingine. Mradi wa megawati 60 ulipingwa vikali na wakulima. Waliogopa kupoteza mashamba, hawakuridhika na fidia, na uvumi juu ya afya ulienea. Katika maandamano ya mwaka 2015 mtu mmoja alikufa. Mwaka 2016 mradi ukafutwa. Upepo ulikuwepo, pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuaminiana.

Huko Kipeto, Kajiado, mashine 60 ziko kwenye mashamba ya wafugaji, nao wanalipwa kodi. Ng'ombe hulisha chini yake. Hatari iko kwa ndege: tai mzoga hutazama chini akitafuta mzoga, asione panga lililo mbele yake. Kwa hiyo wako watu wa kulinda angani. Tai akikaribia, mashine husimamishwa. Sisi wa kinamasini tulikumbuke hilo, maana ndege wakiisha, mgeni atakuja kuona nini?

Tunaona basi kwamba watu hawachukii mashine kwa sura yake. Wanachukia kuambiwa mwishoni. Akija mtu na karatasi, msitie sahihi siku hiyo. Kaeni kikundi kizima, akina mama na vijana wakiwemo, mmwulize:

1. Ardhi inabaki ya nani, na kwa miaka mingapi?
2. Kodi ni kiasi gani, na analipwa nani?
3. Ndege wanapita wapi, na nani amewachunguza?
4. Mashine zikichakaa, nani ataziondoa?

Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya wote kwa lugha wanayoielewa.