Kilomita Hazisemi Saa

Mtu akiuliza Kasongo, mji wa mkoa wa Maniema mashariki mwa Kongo, iko mbali kiasi gani na Kinshasa, hesabu yake anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Kasongo iko karibu digrii 26.7 mashariki, Kinshasa 15.3. Tofauti ni digrii 11.4. Huku karibu na ikweta, digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111. Zidisha: zinakuja kilomita 1,265 hivi kwa mstari ulionyooka.

Sasa geukia mashariki. Zanzibar iko digrii 39.2, na hesabu ileile inatoa kama kilomita 1,400. Yaani Kasongo iko karibu nusu ya njia kati ya mji mkuu wa nchi yake na kisiwa alikozaliwa Tippu Tip, yule aliyeifanya Kasongo ngome ya biashara yake ya pembe na watumwa.

Kupata muda, gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ya rafadha inayokwenda kilomita 500 kwa saa itafika Kinshasa kwa saa mbili na nusu. Ongeza nusu saa ya kuruka, kupanda na kushuka: saa tatu. Lakini ukiondoka Kasongo saa tatu asubuhi, saa za Kinshasa zitakuonyesha saa tano, si saa sita. Maniema inafuata saa ya mashariki ya Kongo, na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Wakati wa kurudi, saa hiyo unailipa.

Kati ya Kasongo na Kabambare hesabu ni ndogo: kama kilomita 115. Ndege ndogo ya kilomita 350 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 20. Ila anayekwenda sokoni hapandi ndege. Anapanda pikipiki, au anasukuma baiskeli yenye magunia kwenye njia ya udongo, na mvua moja kubwa inaweza kugeuza safari ya mchana kuwa ya kulala njiani.

Wa zamani walilijua hilo. Mpelelezi David Livingstone, aliyekaa miezi mingi Kabambare akiugua, aliondoka Nyangwe, jirani na Kasongo, tarehe 20 Julai 1871. Aliingia Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, tarehe 23 Oktoba: siku 95 kwa umbali wa kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Ni kama kilomita nne kwa siku.

Kwa hiyo ukiambiwa safari ni ya saa kadhaa, uliza mambo matatu: kwa chombo gani, msimu gani, na kwa saa ya mji upi. Jua peke yake halina mjadala: Kabambare linachomoza dakika nne hivi kabla ya Kasongo, kiangazi na masika.