Kuchoka kwa mzazi si upungufu wa imani

MUULIZE mzazi yeyote nje ya kanisa siku ya Jumapili anaendeleaje, atakujibu kwa tabasamu, “Tunamshukuru Mungu.” Jibu hilo ni jema. Lakini mara nyingi nyuma yake yupo mama ambaye wiki nzima hajalala usiku mmoja bila kukatizwa, au baba anayesinzia kabla sala ya jioni haijafika “amina”.

Mzazi huyo anaamka saa kumi alfajiri kuwaandaa wanafunzi, anagombania daladala, anashinda kazini, anarudi kupika, kufua sare na kukagua madaftari. Katikati ya hayo kuna marejesho ya kikoba, mazoezi ya kwaya na mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Uji ukimwagika mezani, anamfokea mtoto kwa sauti ambayo hata yeye inamshtua. Usiku anajilaumu kwamba kama angekuwa mtu wa maombi zaidi, asingefika hapo.

Wazazi wengi waumini wanaubeba uchovu kama dhambi ya kutubu. Kwa kuuonea aibu wanauficha, na kwa kuuficha wanakosa msaada ambao ungewafikia. Ukisoma Biblia kwa makini, utaona Mungu hakuwatendea hivyo watu wake waliochoka.

Eliya alilala kwanza

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Nabii Eliya yuko jangwani, mwendo wa siku moja kutoka Beer-sheba. Muda mfupi kabla ya hapo alisimama kwenye Mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali na akashinda. Sasa Malkia Yezebeli ameapa kumuua. Eliya anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe.

Tazama anavyojibiwa. Hakemewi wala hahubiriwi. Anaachwa alale. Malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumtaka ale, kwa kuwa mwendo ulio mbele yake unamzidi nguvu.

Baada ya hapo ndipo anatembea siku 40 hadi Mlima Horebu. Huko ndiko anakoulizwa maswali, anapewa kazi mpya na kuambiwa amtie mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Usingizi na chakula vilitangulia, mazungumzo yakafuata. Mkate ule ulikuwa neema, sawa na maneno yaliyokuja baadaye.

Mwili una kanuni zake

Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima alale angalau saa saba kwa usiku. Anayelala pungufu ya hapo siku nyingi mfululizo huwa mwepesi wa hasira, msahaulifu, na kinga yake ya mwili hudhoofika. Mzazi wa namna hii anaweza kudhani amekuwa mtu mbaya, kumbe ana deni la usingizi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu uliopitiliza wa kazini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana. Maelezo hayo yanahusu ajira, lakini wazazi wengi watajiona humo.

Pia upo uchovu wenye chanzo mwilini. Upungufu wa damu, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo vyote huweza kumfanya mtu ajihisi amechoka hata akiwa amelala vya kutosha. Kipimo cha damu kinaweza kueleza jambo ambalo mzazi amekuwa akijilaumu kwalo kwa miezi.

Musa alihitaji mikono ya wengine

Simulizi ya vita dhidi ya Waamaleki, katika Kutoka 17, inaeleza kuwa Musa alipoinua mikono Waisraeli walishinda, na alipoishusha walishindwa. Mikono ikawa mizito. Haruni na Huri wakamletea jiwe akalie, kisha wakaishikilia mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likazama.

Katika Hesabu 11, Musa huyohuyo anamwambia Mungu kwamba mzigo wa watu wale umemshinda, na ni afadhali afe. Jibu lilikuwa kuwakusanya wazee 70 ili wabebe naye.

Wazee wetu waliijua hekima hii. Mama aliyejifungua alikaa ndani siku 40, akihudumiwa na mama yake, mama mkwe au shangazi. Uchagani aliletewa mtori, pwani akapewa uji wenye pilipili manga. Hakuna aliyemwita mvivu. Leo mama wengi wanajifungulia mijini, mbali na ndugu, na baada ya wiki moja tayari wameinamia beseni la nguo.

Kwa hiyo sema. Mwambie mwenza wako ni usiku upi atashika zamu ya mtoto. Mwombe jirani akukalie na watoto saa mbili ulale. Kama ratiba ya kanisani imekuzidi, mweleze kiongozi wako kwamba mwezi huu hutaweza. Na wewe unayemtembelea mzazi, usiishie kumwombea. Mwoshee vyombo, au nenda na chakula kilichoiva.

Wakati wa kumwona daktari

Usisubiri ikiwa huzuni, kukata tamaa au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda vimedumu zaidi ya wiki mbili. Kwa mujibu wa WHO, katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Lizungumzie siku ya kliniki ya mtoto, maana muuguzi aliye pale anaweza kukuelekeza pa kwenda.

Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu, mwachie mtoto mtu unayemwamini, na ufike hospitali siku hiyohiyo. Maombi na matibabu havigombani, na mchungaji au padri mwenye busara atakusindikiza kliniki.

Mwiba usioondoka

Upo uchovu ambao hautaisha wiki hii wala mwakani. Mzazi wa mtoto mwenye seli mundu, au anayemlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anaijua hali hiyo. Ameomba, amepumzika alipoweza, amesaidiwa, na kesho mzigo uko palepale.

Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho, katika waraka wa pili, sura ya 12, juu ya jambo lililomtesa mwilini, alilolifananisha na mwiba. Aliomba mara tatu liondolewe. Halikuondolewa. Alichopewa ni uhakika kwamba neema inatosha kumbeba, na kwamba udhaifu wake ndiko nguvu ya Mungu inakofanyia kazi. Tangu hapo Paulo hakuuonea haya udhaifu wake. Aliuandika barua nzima ya kanisa ikausoma.

Kwa mzazi wa namna hiyo, neema si lazima iwe siku moja ya kuamka mzigo umetoweka. Inaweza kuwa dawa iliyopatikana kwa wakati, shangazi aliyekuja kulala siku tatu, au usingizi wa mchana wakati mtoto ametulia. Vipokee. Eliya naye alipewa mkate wa siku ile, akala, akaendelea na safari.