Kabla ya kununua difu-loki, mjue atakayebonyeza swichi

Mvua zinapoanza katika Nyanda za Juu Kusini, hesabu za mfanyabiashara wa viazi mviringo hubadilika. Mali iko shambani, mnunuzi yuko Dar es Salaam na bei inajulikana, lakini kati ya shamba na lami kuna kilometa chache za udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Pikapu ikilala hapo usiku mmoja, mwenye mali hulipa vibarua wa kusukuma, trekta la kuvuta, na posho ya dereva na utingo. Magunia nayo yakilowa, viazi huanza kuoza kabla havijaona soko.

Hapo ndipo wenye magari wanapoingia kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kuulizia difu-loki. Si kifaa cha kununuliwa kwa hasira za safari iliyopita. Loki ya kufungwa kwa hewa kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana huuzwa zaidi ya Dola 1,000 za Marekani nchi za nje, kabla ya kompresa, usafirishaji, ushuru na fundi. Kwa mwenye gari moja hicho ni kiasi kinachoweza kununua seti nzuri ya matairi na kubakiza chenji.

Difu ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya kona. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na difu huruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Ubaya wake ni kwamba hugawa nguvu sawa pande zote mbili, hivyo gurudumu lenye mshiko mdogo ndilo linaloamua. Chukua mfano wa tairi la kushoto lililoingia topeni, ambalo haliwezi kusukuma zaidi ya kilo 50 kabla ya kuteleza. La kulia, hata kama limekanyaga changarawe kavu na lina uwezo wa kusukuma kilo 400, nalo litapata 50 tu. Jumla ni kilo 100, na pikapu yenye tani moja mgongoni haiondoki. Difu ikifungwa, shafti mbili huzunguka kama moja. La kulia hutumia kilo zake 400 na jumla hufika 450. Ndiyo maana hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne huweza kukwama huku mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma, yakizunguka bure.

Njia rahisi kuliko zote ni ile ya gereji za uchochoroni: kuchomelea difu kwa welding. Haifai kwa gari la biashara. Kila kona kwenye lami tairi moja huburutwa, shafti hupindwa, na fedha iliyookolewa hurudi dukani kwa njia ya matairi.

Zipo pia difu zinazobana bila kufunga kabisa. Baadhi ya magari ya kazi ya Kijapani yalitoka nazo kiwandani. Zile za pleti za klachi hulika kwa matumizi, huhitaji oili yake maalumu, na gurudumu moja likining'inia hewani msaada wake huwa mdogo. Katika gari la mtumba lililokwisha kutembea sana, mnunuzi asiongeze hata shilingi kwa sababu ya difu ya aina hiyo mpaka fundi athibitishe kuwa bado inabana.

Mabishano makubwa yako kati ya loki inayojifunga yenyewe na ile inayofungwa kwa swichi.

Inayojifunga yenyewe, ambayo jina lake maarufu ni Detroit Locker ya Marekani, haina waya wala mpira wa hewa. Muda wote imefunga, na huachia upande mmoja pale tu gurudumu la nje linapolazimika kukimbia zaidi kwenye kona. Zipo ndogo zaidi zinazoingizwa ndani ya kasha la difu lililopo, na hizo ndizo za bei nafuu, mara nyingi Dola 300 hadi 600 huko zinakotengenezwa. Nguvu yake haizidi nguvu ya kasha lile la zamani. Dosari yake huonekana kwenye lami: hugonga, matairi hulika upesi, na dereva akikanyaga mafuta katikati ya kona gari hutaka kwenda moja kwa moja. Jambo jingine ambalo wauzaji hulipitia haraka ni matairi. Loki hii inataka matairi ya nyuma yawe ya kimo kimoja na upepo sawa. Gari linaloishi kwa tairi moja jipya na jingine la mtumba litaichosha bila sababu.

Ya swichi huacha difu ikiwa ya kawaida mpaka dereva aifunge. Nyingine hutumia hewa ya kompresa, kama Air Locker ya kampuni ya ARB ya Australia, ambayo ilinunua ubunifu huo wa Roberts mwaka 1987. Nyingine hutumia umeme, na nyingine waya wa kuvuta kama wa breki ya mkono. Kwenye lami gari huwa salama kama lilivyotoka kiwandani. Lakini mipira ya hewa hukatika, sili huvuja na waya hukatwa na mawe, na fundi wa kijijini hana sili hizo.

Uamuzi uanzie kwenye kilometa. Pikapu inayokusanya viazi vijijini na kuvishusha Makambako hutembea topeni kilometa 10 au 15, kisha kutoka Njombe mjini ina lami ya kilometa 60 hivi, ikiwa na mzigo, penye kona na mteremko. Kwa kazi hiyo loki ya swichi, ya nyuma peke yake, ndiyo yenye faida. Gari lisilotoka ndani ya shamba la miti au la chai laweza kufungwa ile ya kujifunga yenyewe bila hasara kubwa.

Nyuma ndiko kwa kuanzia kwa sababu mzigo uko huko, na gari likipanda kilima uzito huzidi kurudi nyuma. Loki ya mbele hufanya usukani uwe mgumu na huvunja jointi za mbele ikitumiwa huku magurudumu yamekatwa.

Baada ya kilometa, dereva. Wenye pikapu wengi si madereva wake. Tajiri yuko mjini na simu, dereva yuko topeni na swichi. Difu ikiwa wazi, hakuna shafti ya pembeni inayobeba zaidi ya nusu ya nguvu inayofika kwenye ekseli. Ikifungwa, shafti moja yaweza kubebeshwa yote. Dereva anayelipwa kwa safari husubiri mpaka amezama, hukanyaga mafuta tairi likizunguka kwa kasi, kisha hubonyeza. Kinachofuata ni mlio mmoja na safari ya kutafuta shafti. Lumbesa huzidisha hatari, kwani gunia lililojazwa kupita kipimo hupandisha uzito ambao haumo kwenye hesabu ya mtu yeyote isipokuwa ya ekseli.

Matumizi sahihi hufundishika kwa dakika kumi: funga kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linakwenda polepole bila tairi kuteleza, subiri taa ya dashibodi iache kupepesa, nenda moja kwa moja, fungua kabla ya kukanyaga lami. Tajiri asiyeweza kumfundisha dereva wake hayo, au anayebadilisha madereva kila mwezi, heri anunue matairi ya matope, koleo na kamba ya kuvutia. Hata loki bora haisaidii gari ambalo tumbo limekaa juu ya tope na matairi yote yanaelea.

Kabla ya kuagiza chochote, gari likaguliwe. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 80, zilizoanza mwaka 1990, na baadhi ya zile za mfululizo wa 70 ziliweza kuagizwa na loki za kiwandani mbele na nyuma. Pikapu nyingi za Hilux nazo zina ya nyuma. Swichi huwa na mchoro wa ekseli uliotiwa alama ya X. Wako wanaonunua gari lenye kifaa hicho bila kujua, kisha wakaingia dukani kutafuta kingine. Mwenye lori la ekseli mbili za kuvuta ajue kuwa swichi ya kufunga ekseli ya kati na ya nyuma pamoja ni tofauti na ile ya kufunga gurudumu la kushoto na la kulia. Muuzaji akisema tu kwamba lori lina loki, aulizwe ipi.

Anayenunua loki mpya ahakikishe idadi ya meno ya shafti na ukubwa wa kraun. Anayenunua difu nzima ya kubomoa, yenye loki ndani, aangalie pia uwiano wa gia: wa nyuma ukitofautiana na wa mbele, gia boksi ya kugawa nguvu itaumia siku ya kwanza ya kuvuta kwa magurudumu manne. Ufundi wa kufunga nao si wa kila gereji. Nafasi kati ya kraun na pinioni ikikosewa kidogo, difu huanza kuvuma, na mvumo huo huishia kwenye meno yaliyokatika.

Kwa gari la mtumba lenye loki ya umeme, kipimo ni rahisi na hufanyika yadi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua ya nyuma yote mawili juu ya stendi, weka gia huru, zungusha moja kwa mkono. Difu ikiwa wazi, la pili litazunguka kinyume. Washa swichi ya gari, funga loki, zungusha tena taratibu: yote mawili yaende upande mmoja. Yasipofanya hivyo, mara nyingi ni mota ndogo ya loki iliyoshika kutu kwa kukaa miaka bila kutumiwa. Bei ya mota hiyo na ya fundi ipunguzwe kwenye bei ya gari, hapo hapo, muuzaji akiwa bado ameshika funguo.