Hilo Si Jino la Nailoni

Mtoto wa miezi mitano anaharisha, mwili una joto, usiku kucha ni kilio. Bibi anamfungua kinywa, anapapasa ufizi na kukuta uvimbe uliopauka pale ambapo jino la chonge litaota. Uamuzi hutoka hapo hapo: ana meno ya nailoni. Wengine huyaita ya plastiki. Mtoto anapelekwa kwa mganga, ufizi unachimbuliwa kwa wembe, kisu au spoku ya baiskeli, mpaka kitoke kitu cheupe na laini. Wazazi wakikiona wanaamini, kwa sababu jino wanalolijua wao ni gumu.

Lakini kilichotoka ni jino: jino la chonge la utoto ambalo halijakomaa. Meno ya utoto, yote 20, huanza kuumbwa mtoto akiwa bado tumboni. Meno ya chonge hayana haraka ya kutokeza. Mara nyingi huchomoza kati ya miezi 16 na 23, baada ya meno ya mbele na hata magego ya kwanza. Muda wote huo hukaa chini ya ufizi yakiusukuma, nao huvimba kidogo na kupauka. Watoto wazima wa afya wanao uvimbe huo huo, ila hakuna anayewapekua vinywa.

Kuharisha kwa umri huo kuna sababu zake. Kinga aliyopewa na mama inapungua, ameanza kuonjeshwa maji na uji, na kila anachokishika anakipeleka mdomoni. Kuota meno humtoa mtoto udenda na kumfanya asumbuke. Hakuleti homa kali wala kuharisha. Tena kuharisha kwingi hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja. Mtoto akichimbuliwa siku ya tatu, akapona siku ya sita, sifa zote zinakwenda kwa mganga, na jirani mwenye mtoto anayeharisha anaelekezwa huko huko. Ndivyo mila hii inavyoendelea kuishi hata kwa watu waliosoma.

Na haiko Tanzania peke yake. Uganda wanaiita ebinyo, na tangu mwaka 1969 mtaalamu Jens Pindborg wa Denmark alishaandika kuhusu madhara yake huko. Imeonekana pia Kenya, Sudan na Ethiopia.

Madhara yenyewe nayasema bila kupunguza. Mtoto aliyekwisha kupoteza maji mwilini anaongezewa kupoteza damu, kisha kidonda kinamzuia kunyonya wakati anapohitaji kunyonya kuliko siku zote. Chombo kisichochemshwa, kilichotoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine, kinaweza kumwachia pepopunda, VVU au maambukizi yanayoingia kwenye damu. Wapo watoto waliokufa. Anayepona naye anaweza kubaki na athari, kwa maana jino la chonge la ukubwani huanza kujengeka mtoto akiwa na miezi minne au mitano, jirani kabisa na lile la utoto. Ncha ya spoku inafika pale katika umri ule ule. Miaka kumi baadaye jino linatoka likiwa na kasoro, linaota mahali pasipo pake, au halitoki kabisa.

Anayeharisha apewe titi mara nyingi zaidi, apewe ORS, na apelekwe zahanati akaandikiwe zinki ya siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunyonya au kinyesi kikiwa na damu, asisubiri hata saa moja.

Ufizi wenyewe uachwe. Kazi ya mzazi huanza jino la kwanza likichomoza, kwa kawaida la mbele chini, karibu na miezi sita. Tangu siku hiyo lipigwe mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi isiyozidi punje ya mchele. Akifika miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere. Asilazwe na chupa ya maziwa yenye sukari wala juisi, kwa kuwa usingizini mate hupungua na sukari hushinda juu ya meno. Ukiinua mdomo wake wa juu ukaona mstari mweupe usiong'aa kandokando ya ufizi, huo ni mwanzo wa kuoza, na katika hatua hiyo floraidi bado inaweza kuuzuia. Ukishageuka kahawia na kutoboka, ni kazi ya daktari.

Mama ambaye mwanawe alishachimbuliwa asifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Amwambie daktari wa meno ni upande upi na mtoto alikuwa na umri gani. Taarifa hizo zinatuwezesha kulifuatilia jino la ukubwani kwa picha ya eksirei kabla ya miaka 9 hadi 12, umri ambao meno ya chonge ya ukubwani hutoka, na kupanga mapema cha kufanya likichelewa au likielekea kusiko.