Usukani unatikisika ukigonga shimo? Usikimbilie kubadilisha shokapu

Gari limetoka Buhemba na mzigo, limepita barabara ya changarawe bila shida. Likifika lami ya Mwanza–Musoma, dereva anaongeza mwendo hadi kilomita 70 kwa saa. Tairi moja inagonga kiraka, na ghafla usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu mpaka mikono inashindwa kuutuliza. Unatulia mwendo ukishuka tu.

Wenye Land Cruiser za zamani, Land Rover 109 na Defender wanaijua hali hii. Wengi wakifika gereji, kitu cha kwanza kubadilishwa ni shokapu ya usukani. Hela inatoka, mtikisiko unapotea kwa muda, halafu unarudi.

Kumbe ugonjwa ulikuwa kwingine.

Kwa nini magari haya?

Kwenye gari dogo la kawaida, kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka kivyake. Kwenye magari haya, ekseli ya mbele ni chuma kimoja kizima, na magurudumu yameunganishwa na tairodi. Tairi ya kushoto ikigonga shimo, ya kulia nayo inapata habari.

Kila kitu kikiwa kimekaza, mshtuko unaishia hapo. Kikiwepo kiungo kimoja kinachocheza, gurudumu linapinda kidogo, linarudi, linapitiliza, linarudi tena. Ni kama bembea inayosukumwa kila inaporudi: inazidi kwenda juu. Shimo ni chanzo cha msukumo tu. Kinachoendeleza mtikisiko ni ule ulegevu.

Kwanza, ni mtikisiko wa aina gani?

• Unakuja taratibu kadiri mwendo unavyoongezeka: mara nyingi ni balansi ya tairi.
• Upo hata kwenye mwendo mdogo: huenda tairi imevimba au rimu imepinda.
• Unatokea ukikanyaga breki tu: diski au ngoma za breki zichunguzwe.
• Unaanza ghafla baada ya kugonga kitu na hauachi mpaka gari lipunguze mwendo: kuna kiungo kinacheza.

Vipimo visivyo na gharama

Dereva aanze na upepo wa tairi, gari likiwa limepoa. Pili, aangalie ndani ya rimu. Tope la udongo mweusi likikaukia upande mmoja, gurudumu linapoteza balansi. Kulitoa kunahitaji maji na kijiti tu. Tatu, akaze nati za magurudumu.

Baada ya hapo, tairi za mbele zihamishiwe nyuma na za nyuma zije mbele, kama saizi ni moja. Mtikisiko ukibadilika au ukihama, tatizo liko kwenye tairi au rimu. Ukibaki vilevile, ni wakati wa kuingia chini ya gari.

Kipimo cha watu wawili

Gari lisimame sehemu tambarare, magurudumu yakiwa chini, handibreki imevutwa, gia iko huru na mawe yamewekwa kwenye tairi. Kama lina pawa stelingi, injini iwashwe.

Mmoja anageuza usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, haraka. Mwingine anaangalia kutoka pembeni, mikono mbali na vyuma vinavyotembea. Anafuata njia moja: kuanzia stelingi boksi na bolti zake kwenye chesi, rodi inayotoka hapo, mpaka ncha za tairodi.

Anachotafuta ni mahali ambapo kipande kimoja kinatembea kabla ya kile kilichoungana nacho. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Kwenye Defender, na kwenye Land Cruiser mkonga za kuanzia mwaka 1999 zenye koili springi mbele, kuna rodi ndefu inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Bushi zake zikiisha, ekseli nzima inacheza. Zile za zamani zenye springi bapa mbele hazina rodi hiyo. Kwao ziangaliwe bushi za springi, pini zake na yu-bolti.

Beringi au kingpini?

Gurudumu linyanyuliwe na jeki, ekseli ikalishwe kwenye stendi imara. Fundi ashike tairi juu na chini, kisha asukume na kuvuta. Ikicheza, mwenzake akanyage breki.

Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, ni beringi za kingpini, zile zinazoruhusu gurudumu kukata kona. Hizi zikipoteza mkazo, mtikisiko unakuja kirahisi sana. Wakati mwingine dawa ni kurekebisha vile vipande vyembamba vya kupima unene. Wakati mwingine ni beringi mpya.

Gari lililonyanyuliwa

Magari yenye koili yakiwekewa springi ndefu mbele, ekseli inazunguka kidogo na pembe ya kingpini inabadilika. Dalili yake: baada ya kona, usukani haurudi wenyewe katikati. Hapo hata viungo vyote vikiwa vipya, gari linaweza kuendelea kutikisika mpaka pembe irekebishwe.

Shokapu inakuja mwisho

Kazi ya shokapu ya usukani ni kupunguza makali ya mshtuko. Haikazi kiungo kilicholegea. Ikiwa inavuja, ibadilishwe. Lakini mpya kwenye gari lenye tairodi iliyoisha inaficha dalili tu, na tairodi inaendelea kuliwa. Siku ikichomoka, usukani hauongozi tena magurudumu, na nyuma kuna mzigo na watu.

Baada ya matengenezo, pini za kufuli zirudishwe zote na alaimenti ipimwe.

Ikitokea barabarani

Dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta, na aache mwendo ushuke taratibu. Asikanyage breki kwa ghafla. Gari likitulia, aliweke pembeni na kulikagua kabla ya kuendelea. Kama kuna kiungo kinachoning'inia, safari iishie hapo, fundi afuate gari lilipo.